Gemu ya TV ya pedi mbili na bunduki: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Niliikuta Kariakoo, imening'inizwa kwenye duka la chaja na rimoti, nikashindwa kuipita. Shilingi 45,000. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyekulia miaka ya tisini na akiiona ataguswa kama mimi, maana kuna jambo moja ambalo muuzaji wangu hakuniambia, na usipolijua utaiona mbovu bure.

Chombo chenyewe ni kopi ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Mtaani kwetu Tandika kopi ndizo zilizotufikia. Ile halisi hatukuwahi kuiona. Ndani ya boksi kuna mashine nyepesi kabisa, pedi mbili, bunduki, kaseti ya njano, adapta na waya wa kuchomeka kwenye TV, njano picha, nyeupe sauti. Pedi ya pili haina kitufe cha kuanzia, vilevile kama zamani. Nilipoishika nikajua nimeshika kitu ninachokijua.

Boksi linasema gemu 620. Nilizipitia jioni mbili. Zikifika kama mia hivi zinaanza kujirudia: Mario yuleyule anaanzia mbele, vifaru vilevile vya vita vimebadilishwa rangi. Mimi mia zinanitosha. Adapta ndiyo dhaifu, inapata moto haraka, na yangu ilikufa wiki ya pili. Nikanunua nyingine, 8,000, mpaka leo inafanya kazi. Usiiache kwenye umeme usiku.

Sasa bunduki. Siku ya kwanza niliichomeka kwenye TV bapa ya sebuleni, nikafungua gemu ya bata, nikapiga weee, hakuna bata hata mmoja. Mwanangu, miaka kumi na moja, akajaribu, wapi. Yule mbwa wa kwenye gemu anatucheka tu. Nilirudi dukani nikaambiwa bunduki nzima, jaribu tena. Bunduki ilikuwa nzima kweli. Tatizo lilikuwa TV.

Inafanya kazi hivi. Ukivuta triga, skrini nzima inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Mdomoni mwa bunduki kuna kijicho kinachosubiri mwanga huo. Kikiuona, bata ameanguka. TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, mwanga unafika kwa wakati wake. TV bapa inaipokea picha, inaichakata kwanza, ndipo inaionyesha. Ni kuchelewa kwa nukta tu, lakini kijicho kinakuwa kimeshaangalia na kukuta giza. Kwa hiyo ukiitaka hii mashine kwa ajili ya bata, tafuta chogo. Mimi nilipata ya inchi 14 kwa fundi, 20,000, akanisafishia na vumbi lake. Nikaiweka kwenye stuli chumbani kwa mwanangu, na kuanzia hapo bata wanaanguka.

Zile gemu nyingine zinacheza vizuri hata kwenye TV bapa. Vifaru ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Kila levo inaleta vifaru 20 vya adui, nanyi wawili mnalinda nembo yenu chini ya skrini, imezungushiwa matofali. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya anaganda, na akiganda wakati adui yuko mlangoni mmekwisha wote. Nimevicheza sana hivi nikiwa na miaka kumi. Mtaa wetu nyumba iliyokuwa na mashine ilikuwa moja, tunatoa hamsini, tunakaa chini kwenye mkeka, na ukifa unaachia pedi. Nilikuwa msichana pekee mle ndani. Kaka mmoja mkubwa, fundi wa vifaru, alikuwa haniachii nilinde tu, ananiambia, "Dada, wewe shambulia, nembo niachie mimi." Sijasahau raha ya kuaminiwa vile.

Mwanangu amezoea gemu za simu, anacheza na watu asiowaona. Jioni ya kwanza aliniuliza, "Mama, hii inaseivu wapi?" Nikamwambia haiseivu, ukizima unaanza upya. Alinyamaza kidogo. Halafu tukaingia Contra, gemu ya kampuni ya Konami, tukafika levo ya maporomoko, ile ya kupanda juu. Pale mmoja akikimbia kupanda, skrini inamfuata yeye, na aliyebaki chini anakufa. Aliniua mara nne. Mara ya tano nikamwona anasimama kwenye kijiwe, haruki, kidole kimeinuka kwenye kitufe, anageuza shingo kunitazama mimi, siyo TV. "Panda, mama. Nakusubiri." Kwa sekunde zile tu, ningelipa hata mara mbili ya bei ile.

Mwezi uliopita baba alikuja kutoka Korogwe. Yeye alikua kabla ya haya yote. ITV ilipoanza kurusha mwaka 1994, mimi niko shule ya msingi, yeye ni mtu mzima mwenye familia. Alikaa kitandani kwa mjukuu wake akatutazama kimya. Kisha akaomba bunduki. Baba amepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Aliikagua, akaiegemeza begani ingawa haina kitako, akafumba jicho la kushoto, akashusha pumzi. Kila raundi ina bata kumi. Aliwaangusha tisa. Mwanangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Wakati wa kula mtoto akamuuliza, "Babu, wewe ulikuwa unachezea nini?" Baba akaacha kijiko. Akaeleza gari la waya: jinsi ya kukunja chesisi bila kuivunja, jinsi ya kukata magurudumu kwenye kandambili iliyochakaa, usukani mrefu unaofika kiunoni ili usimame wima unapoendesha. Gari zuri, alisema, linakata kona bila kupinduka. Asubuhi akamtuma mjukuu wake kwa fundi baiskeli kuomba waya.

Walikaa barazani hadi adhuhuri, koleo moja, wanapokezana. Gari likatoka, tairi za mbele nyekundu, za nyuma bluu kwa sababu kandambili zilikuwa mbili tofauti. Baba amesharudi Korogwe. Gari linalala juu ya chogo la TV, na kabla ya kuwasha gemu inabidi mwanangu alishushe kwanza, maana TV ikipata moto anaogopa tairi zitayeyuka.