tomllib ya Python: maktaba inayoipokea TOML 1.0.0 yote, si nusu yake

Ninatunza mfumo mdogo unaopima joto la majokofu ya samaki karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Mipangilio yake yote, kuanzia majina ya vihisi hadi kiwango cha joto ambacho kikipitwa muuzaji hutumiwa ujumbe, imo katika faili moja ya TOML, yaani muundo wa maandishi wa kuandikia mipangilio ya programu. Hapo awali faili hiyo ilisomwa na maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu huutumia) niliyoipata kwenye intaneti, ambayo sitaitaja jina. Sasa ninatumia tomllib, ambayo huja pamoja na lugha ya programu ya Python yenyewe tangu toleo la 3.11 lililotoka Oktoba 2022.

Nilihama kwa sababu ya asubuhi moja ambapo mfumo ulikataa kuanza, ukatoa maneno mawili tu: faili batili. Usiku uliotangulia, mwenzangu wa pale ufuoni alikuwa ameongeza jokofu la tatu kwa kutumia kompyuta yake ya Windows. Nilimpigia simu nikamuuliza ameharibu nini. "Kaka, sijaharibu kitu," akaniambia, "nimenakili mstari wa juu, nikabadilisha nambari peke yake." Alisema kweli. Nilipoifungua faili nilikuta mistari inaishia kwa alama mbili zisizoonekana za Windows badala ya moja, na orodha ya majokofu ina mkato baada ya jina la mwisho, hivi:

majokofu = ["J1", "J2", "J3",]

Mambo hayo mawili yanaruhusiwa waziwazi na kanuni rasmi za TOML 1.0.0, zilizotolewa Januari 2021. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, kwa maana nilikuwa nimemtwika kosa la maktaba mtu aliyeandika sawasawa.

Baada ya hapo niliandaa faili ya majaribio na kuijaza kila namna ya uandishi ambayo kanuni zinaikubali. Maktaba ya zamani iliikataa tarehe iliyotenganishwa na saa kwa nafasi badala ya herufi T, ikakataa nambari 10_000 yenye mstari wa chini katikati, na ikakataa pia orodha inayochanganya nambari na maneno. Hilo la mwisho naweza kulielewa, kwa kuwa matoleo ya TOML yaliyotangulia 1.0.0 yaliukataza mchanganyiko huo, na huenda mwandishi wake hakurudi kuirekebisha. Lakini maelezo ya maktaba yalidai kwamba inaifuata TOML bila kutaja toleo lolote, na dai hilo ndilo lililonifanya niiamini. tomllib ilisoma faili nzima bila kunung'unika. Nilipourudia ufunguo mmoja, yaani jina la mpangilio kama majokofu, mara mbili kwa makusudi, jambo ambalo kanuni zinalikataza, iliukataa na kunitajia mstari na safu ambapo kosa lilikuwa. Kwa mtu anayerekebisha faili kwa simu akiwa ndani ya matatu ya kwenda Kondele, kutajiwa mstari ni msaada mkubwa sana.

Upungufu upo. tomllib husoma tu, haiandiki, kwa hiyo anayetaka programu yake ibadilishe mipangilio atahitaji maktaba nyingine. Faili lazima ifunguliwe kwa hali ya baiti, yaani "rb". Ukisahau, programu husimama, ingawa ujumbe wa kosa hukueleza la kufanya. Maoni yaliyoandikwa baada ya alama ya # hayahifadhiwi.

Kompyuta yetu moja bado ina Python 3.9, na huko nimeweka tomli, maktaba ambayo tomllib ilitokana nayo. Majina ya kazi zake (function) ni yale yale, hivyo nilibadilisha mstari mmoja tu wa msimbo, na faili ya mwenzangu, pamoja na mkato wake wa mwisho, inasomwa kote kuwili.