Nilivyohama mtandao Moshi bila kubadili namba

Kwa miaka kumi na minne namba yangu ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao ulio juu ya mlango wa chumba changu cha ushonaji, karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Namba hiyohiyo wanayo walimu wanaoleta vitambaa vya sare, na akina mama wa Kibosho na Uru wanaoagiza magauni ya kipaimara. Ndiyo sababu nilivumilia mtandao wangu wa zamani, ambao sitautaja, hata gharama zake zilipoanza kuniumiza.

Gharama hizo hazikupanda kwa namna ya kuonekana upesi. Kifurushi cha wiki niliendelea kukinunua kwa shilingi 2,000, lakini dakika zilipunguzwa, kisha zikapunguzwa tena, hadi nikawa najiunga Jumatatu na kutafuta vocha nyingine Alhamisi. Anayetazama bei peke yake haoni mabadiliko yoyote. Sharti agawanye fedha kwa dakika ndipo aelewe anachotozwa. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipozua malalamiko nchi nzima, Serikali ilizisitisha, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Hata hivyo, mteja hawezi kulalamika kila wiki, na kampuni inayojua kwamba hatakwenda popote haina sababu ya kumpunguzia.

Huduma ya kuhama na namba ilianza nchini Machi 2017, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, lakini majirani zangu wengi hapa sokoni hawajapata kuitumia. Unakwenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaouhamia, si ule unaouacha, kisha kwa laini yako ya zamani unatuma neno HAMA kwenda namba 15080.

Nilikwenda asubuhi, kabla sijafungua kazi. Binti wa dukani alinipa shikamoo, akanipa kiti, na kabla ya kugusa fomu akaniuliza, “Mama, hela yote umeshaitoa kwenye laini ya zamani?” Nilikuwa sijaitoa, kwa sababu nilidhani namba ikihama, fedha nazo zitaifuata. Hazifuati. Ilinibidi nitoke, nivuke barabara hadi kwa wakala mwingine, nitoe malipo ya awali ya sare za darasa zima, kisha nirudi. Swali lile moja liliniokoa na usumbufu mkubwa, na ninamshukuru kwa dhati. Aliweka kidole changu kwenye mashine, akanionyesha mahali pa kuandika ujumbe, akasubiri nami hadi jibu lilipoingia. Mchana laini ya zamani ilizima. Nilipoweka mpya, mteja wa kwanza kupiga hakujua kwamba kuna lolote lililobadilika.

Kasoro ya kwanza ni salio la kawaida. Nilikuwa na shilingi 1,400 za vocha kwenye laini ya zamani, nazo zilipotea, wala hakuna aliyenitahadharisha nizitumie kwanza. Kwa mtu anayehesabu kila dakika, hilo lilipaswa kuwa swali la pili la yule binti.

Kasoro ya pili inawagusa wanaonipigia. Watanzania tumezoea kuutambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba, na aliyenunua dakika za mtandao mmoja huamini kwamba zitamfikisha kwangu kama zamani, kumbe simu yake sasa inakwenda kwingine. Dada yangu alipoteza salio kwa njia hiyo kabla sijamweleza. Mitandao hulipana kwa kila dakika inayovuka kutoka mmoja kwenda mwingine, na malipo hayo yalishushwa kwa amri ya TCRA kutoka shilingi 15.60 mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, sioni kwa nini vifurushi viendelee kutenga dakika za ndani na za mitandao mingine, na ningependa TCRA iliangalie suala hili.

Jambo moja nililifanya sawasawa, nami nawasihi wanaokaa kwenye miteremko ya mlima wasiliache. Kabla ya kuhama niliazima simu yenye laini ya mtandao mpya, nikapanda nayo hadi kwa mama yangu, Kibosho, nikapiga nikiwa jikoni, nikapiga tena chini ya migomba kuelekea mtoni. Jikoni ilisikika vizuri; mtoni ilikatika mara mbili. Mama haendi mtoni na simu, kwa hiyo nilikubali. Mwenye shamba huko bondeni angeamua vingine, maana kifurushi nafuu hakimfai asiyepata mawimbi.

Ninaipa huduma hii alama nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku mawakala watakapoanza kuuliza kuhusu salio kama wanavyouliza kuhusu fedha.