Patroni za sweta na blauzi za kufuma: ipi uichukue kwanza

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni ya mvua kila mtu anatafuta sweta. Anayefuma ajue kwamba pesa nyingi zinaishia kwenye uzi, si kwenye patroni, yaani maelezo ya namna ya kufuma nguo. Kwa hiyo patroni ninaipima kabla sijagusa peloti (bonge la uzi) hata moja: inataja idadi ya vitanzi katika sentimita 10? Ina mchoro wenye vipimo vya kifua, mikono na urefu? Inasema uzi kwa gramu na kwa mita? Kama haina hayo ninaiacha, hata picha ipendeze namna gani.

Hilo la vitanzi ndilo zito kuliko yote, maana peloti za soko la Kadutu, hapa Bukavu, nyingi hazina karatasi ya maelezo. Tuseme patroni inataka vitanzi 20 kwa sentimita 10, na kifua kina vitanzi 200. Hiyo ni sentimita 100. Mkono wako ukikaza ukatoa 22, unapata 91 tu, na vifungo havifikiani. Fuma kipande kidogo cha kujaribia, kifue, kikauke, ndipo upime.

Kwangu ya kwanza ni ile isiyouzwa kabisa: patroni za DROPS Design, kampuni ya uzi ya Norway, zinazopatikana bure mtandaoni. Zipo kwa Kifaransa, saizi ni nyingi, na mchoro wa vipimo uko mwishoni. Unalipa megabaiti na kuchapisha karatasi tu.

Ya pili ni PDF ya kulipia kupitia Ravelry, tovuti ya wafumaji, ambayo mara nyingi ni dola 5 hadi 9. Utahitaji kadi ya benki au PayPal, kwa hiyo wengine watapitia kwa ndugu aliye nje. Thamani yake ni picha za watu waliokwisha kuifuma: unaona inavyokaa kwenye mwili mnene na kwenye mwili mwembamba. Ukipata kardigani (sweta ya kufunguka mbele) inayoanzia shingoni kushuka chini, ichukue. Unaijaribu mwilini ukiwa bado unafuma, na uzi ukikaribia kwisha unafupisha urefu. Kwa patroni ya krosheti (kufuma kwa sindano moja yenye ndoano) iliyo kwa Kiingereza, hakikisha imeandikwa kama ni ya Marekani au ya Uingereza, kwa kuwa jina lile lile la kitanzi linabadilika maana.

Video ya kufundisha kufuma ninaiweka ya tatu, ila kwa anayeanza krosheti ingekuwa ya kwanza. Atafute kardigani ya pembesita mbili: kila moja ikikunjwa inatoa nusu ya mwili pamoja na mkono wake, kisha unaunganisha mgongoni. Pakua ukiwa na mtandao mzuri.

Magazeti ya zamani ya Kifaransa yana mitindo mizuri ya triko (kufuma kwa sindano mbili), lakini saizi ni chache.

Usinunue kabisa yale mafurushi ya mamia ya PDF yanayopitishwa WhatsApp kwa dola moja au mbili. Mengi yamenakiliwa bila ruhusa ya mbunifu, na siku hizi baadhi ya picha zimetengenezwa na akili mnemba. Ikuze picha: ukiona mistari ya vitanzi inapotea katikati, au vifungo visivyo na matundu, hakuna aliyewahi kuifuma nguo hiyo. Muuzaji akidai inafumika, mwombe picha ya upande wa ndani.