Jenereta la dizeli la jeshi, MEP-803A: tathmini baada ya kulitibu ugonjwa wa kuzimika

Jenereta nililolinunua katika mauzo ya mali zilizoondolewa kwenye jeshi la Marekani ni MEP-803A, lile la kilowati 10 linaloendeshwa na injini ya Lister-Petter LPW4 yenye silinda nne na kupozwa kwa maji. Liliwaka kwa mpigo wa kwanza wa starta mbele ya muuzaji, likanguruma vizuri kwa dakika tano, nami nikalipa. Kesho yake liliwaka na kuzimika mara kumi na moja. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wengi wanaopatwa na tatizo hili hukimbilia kufungua nozeli na pampu za sindano, yaani zile zinazosukuma dizeli ndani ya silinda, ilhali mashine hii ina namna yake ya kujizima, na asiyeijua anaweza kuvunja injini nzima akitafuta kosa lililo kwenye waya mmoja.

Nianze na sifa zake, maana zipo na si ndogo. Injini huzunguka mara 1,800 kwa dakika, mwendo wa utulivu ambao majenereta mepesi ya petroli yanayopiga kelele kwa mizunguko 3,600 hayaufikii, na sanduku lake la chuma lililowekwa vizuia sauti hukuwezesha kuzungumza kando yake bila kupaza sauti. Kwa mzigo kamili hula chini ya lita 4 za dizeli kwa saa, na tangi lake linatosha takribani saa 8. Swichi moja kubwa hubadilisha umeme unaotoka, wa fezi moja au wa fezi tatu. Lakini ni umeme wa hezi 60, yaani unaobadilika mara 60 kwa sekunde, na anayeishi kwenye nchi ya hezi 50 na volti 230 ajue kabla ya kununua kwamba baadhi ya mota na vifaa vyake havitaupenda. Ajihadhari pia na ndugu yake anayefanana naye kwa sura, MEP-813A, ambaye hutoa hezi 400 na hafai kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Uzito ni zaidi ya kilo 500, kwa hiyo suala la kulihamisha lifikiriwe mapema.

Sasa ugonjwa wenyewe. Jambo la kwanza si kushika spana, ni kusikiliza linavyokufa. Injini ikikatika ghafla, kama mtu aliyezimiwa taa, aliyeizima ni umeme. Ikianza kupandisha na kushusha mlio, ikakohoa, ikajikaza tena na hatimaye kuishiwa nguvu, inakosa mafuta au inameza hewa. Tofauti hii iliniokolea siku nyingi, kwa sababu jenereta langu lilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja: mara nyingi lilikatika papo hapo nilipoachia swichi ya kuwashia, na siku chache lilikubali kukimbia dakika ishirini kisha likafa polepole. Kama ningeyachanganya, nisingepata hata moja.

Kukatika ghafla kunaeleweka ukijua mafuta yanavyofunguliwa. Solenoidi, yaani sumaku ya umeme, huvuta mkono wa mafuta na kuushikilia muda wote injini inapokimbia. Umeme wa kuushikilia hautoki moja kwa moja kwenye betri, bali hupitia kwa walinzi: swichi ya presha ya oili, swichi ya joto la maji, kielea cha tangi na kinga ya mwendo uliopita kiasi. Mlinzi mmoja akikata, sumaku huachia na injini huzimika. Unaposhikilia swichi kuu kwenye nafasi ya kuwashia, mlinzi wa oili hupuuzwa, kwa kuwa presha bado haijapanda. Ukiachia, naye huingia kazini. Ndiyo maana jenereta linaweza kuwaka vizuri kabisa mkononi mwako na kufa kidole kinapoondoka.

Kuna paneli ndogo ya taa inayoonyesha mlinzi yupi amekata. Yangu haikuonyesha kitu, nikaamini kwamba walinzi wote wamekubali, na hilo lilikuwa kosa. Nilipobonyeza swichi ya kujaribu taa, taa ya presha ndogo ya oili haikuwaka kabisa. Balbu ilikuwa imeungua. Nilipoweka balbu mpya, injini ikafa, na taa hiyohiyo ikawaka. Geji, hata hivyo, ilikuwa imeonyesha presha nzuri wakati wote injini ilipokimbia. Sikuiamini peke yake, kwa sababu geji ya mashine iliyolala miaka inaweza kudanganya. Nikafunga geji nyingine ya mkono kwenye injini, nayo ikasema vilevile. Oili ilikuwapo, ila habari zake hazikufika.

Nilifuata waya mpaka kwenye swichi ya oili nikiwa na testa. Kichwa cha waya kilionekana kizima kwa nje, lakini nilipokivuta kilitoka na unga wa kijani, na nyuzi tatu tu za shaba ndizo zilizokuwa zimebaki zimeshika. Injini ilipotetemeka ziliachana, na mashine ikaamini kwamba haina oili. Nilikata sehemu iliyooza, nikabana kichwa kipya, na ugonjwa wa kwanza ukaisha hapo.

Kipimo kinachofaa katika hatua hii ni kimoja: pima volti kwenye solenoidi injini inapokatika. Mfumo ni wa volti 24, kutoka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Volti zikitoweka, kosa liko nyuma, kwa walinzi, rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) au waya. Zikibaki na injini ikafa, chunguza solenoidi yenyewe, kwa sababu ndani yake koili, yaani mzingo wa waya, inayovuta inaweza kuwa nzima na ile inayoshikilia ikawa imekatika.

Mashine ina pia swichi ya vita, inayowaruka walinzi walio wengi ili askari asipoteze umeme katikati ya mapigano. Ukiiwasha na jenereta likaendelea kukimbia, umethibitisha kwamba kosa liko upande wa walinzi. Lakini asiitumie mtu ambaye hajapima presha ya oili kwa geji nyingine na hajatazama maji kwenye rejeta, maana kama mlinzi alikuwa anasema kweli, injini itaharibika ndani ya dakika chache. Nimeona watu wakiiacha imewashwa moja kwa moja kama tiba, na hilo nalikataa kwa nguvu zote.

Ugonjwa wa pili ulinichosha zaidi. Nilibadilisha chujio, nikamwaga maji kwenye kitenganishi cha maji na dizeli, nikalegeza kifuniko cha tangi injini ilipoanza kukohoa ili nisikie kama tundu la hewa limeziba. Halikuwa limeziba. Ndipo nilipounga kipande cha bomba la mpira linaloonyesha ndani, baada ya pampu ya umeme ya mafuta. Kwa dakika kumi na tano dizeli ilipita safi. Kisha mapovu madogo yakaanza kupita moja moja kama shanga kwenye uzi, na kila kundi lilipopita, mlio wa injini ulishuka. Mpira wa kati ya tangi na pampu ulikuwa umepasuka kwa ufa mwembamba chini ya kibano. Upande huo wa kunyonya ufa kama huo hauvujishi tone hata moja. Huvuta hewa ndani, na joto la injini likiulainisha mpira, hufunguka zaidi. Nilibadilisha mipira yote ya mafuta, mizima na mibovu, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Mwongozo wa matengenezo wa jeshi, TM 9-6115-642-24, una michoro ya waya na majedwali ya kutafuta makosa, nao ndio ulioniongoza kwenye kila waya niliyoigusa. Naipa mashine hii alama za juu kwa ujenzi wake, ila kwa anayekubali kuwa fundi wake mwenyewe. Anayenunua asiridhike na dakika tano za kulisikiliza likinguruma: aombe likimbie saa nzima likiwa na mzigo wa angalau nusu ya uwezo wake, kisha abonyeze swichi ya kujaribu taa na kuzihesabu zinazowaka.