Mzee wa pancha wa Barabara ya Mandela: nyota nne, moja nimeibana

Kwanza mjue kwamba kwenye gari la Toyota IST spea inakaa chini ya sakafu ya buti. Na juu ya sakafu ya buti langu, Jumamosi ile saa nane na dakika kumi mchana, ilikuwepo keki ya sendofu ya ghorofa tatu, kila ghorofa kwenye boksi lake: vanila, chokoleti na ya ndimu. Ukumbi uko Sinza. Mama wa binti alishanipigia mara mbili.

Nilitoka Kinyerezi, nikaimaliza Tabata salama, nikaingia Mandela kuelekea Ubungo. Nimepita kituo cha Mwananchi, sijafika cha External, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Nikadhani ni upepo wa lori la kontena lililonipita. Kumbe wapi. Ikaanza ile pa-pa-pa-pa, halafu kijana wa bodaboda akanisogelea dirishani na kupiga kelele, "Dada, tairi la mbele!" Nikawasha hazadi nikajikokota kama mita hamsini hadi penye nafasi pembeni. Hizo mita hamsini mzikumbuke, tutazirudia.

Gari nimelinunua miaka minne iliyopita na spea yake nilikuwa naijua kwa kusikia tu. Nilifungua buti nikayaangalia yale maboksi, nikaangalia jua. Siagi ya keki na jua la Dar la saa nane hazijawahi kupatana. Kiti cha nyuma kimejaa stendi na maua, hakuna pa kuhamishia kitu. Nikatandika kanga kwenye majani, nikashusha boksi moja moja kama nashusha mtoto mchanga, na yule kijana wa bodaboda, Mungu amzidishie, akaegesha pikipiki yake ili mwavuli uyafunike. Yeye mwenyewe akabaki juani.

Nati ni nne tu. Nikaweka wili spana kwenye ya kwanza, nikavuta. Kimya. Nikakanyaga. Nina kilo themanini na mbili na sioni aibu kuzitaja. Nikapanda juu ya ile spana kwa miguu yote miwili nikasimama pale kama kuku kwenye tawi, haikusogea hata nywele. Hapo ndipo nilipolikumbuka duka la matairi nililobadilishia matairi miezi miwili nyuma. Silitaji jina. Lina kiyoyozi, lina kahawa ya bure, na lina kijana aliyezibana nati zangu kwa bunduki ya upepo mpaka zikalia, mimi nikiwa nimekaa ndani nakunywa hiyo kahawa na kujiona mtu wa maana. Nilipigia simu kampuni moja ya kuvuta magari, wakataka elfu themanini na nisubiri masaa mawili.

"Dada, hapo mbele kuna mzee wa pancha," akasema kijana wa bodaboda. "Nikakuletee?"

Alirudi naye amempakia nyuma. Mzee wa makamo ya baba yangu, ovaroli ya bluu iliyogeuka nyeusi, jeki ya chupa mapajani na kipande cha bomba la chuma begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, pole. Umelitembeza mbali likiwa hivi?"

Nikamwambia kama mita hamsini. Akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kuridhika au kwa kunisikitikia. Akaniuliza kama gia iko kwenye P na handibreki nimevuta, kisha akatafuta jiwe akaliweka nyuma ya tairi la nyuma la upande wa pili. Ndipo akachomeka lile bomba kwenye mkono wa wili spana. Mkono ukawa mrefu mara tatu. Akasukuma mara moja kwa kiganja, bila kukunja uso, nati ikalia krii na kulegea. Nne zote, dakika mbili. Hapo jeki hata haijaguswa. "Ukiinua kwanza," akasema, "tairi linazunguka na wewe, utahangaika mpaka magharibi." Na zililegezwa tu, hazikutolewa.

Chini pale ni mchanga mtupu. Angeweka jeki hivi hivi ingezama badala ya kuinua. Akatoa kipande cha ubao, akakiweka chini ya jeki, akanionyesha chini ya ubavu wa gari mahali penye alama mbili za kujikata kwenye bati: jeki inakaa katikati ya hizo alama, kwingine unatoboa sakafu. Mimi nimemiliki hilo gari miaka minne.

Sasa njoo kwenye spea yenyewe, maana hapa ndipo huyu mzee alipoipata nyota yake ya tatu na ya nne kwa pamoja.

Aliichomoa, ikatoka nyembamba kama ya pikipiki, safi, ina vinywele vya mpira vya kiwandani bado. Mimi nikafurahi: mpya! Yeye akaibonyeza kwa kidole gumba akacheka. Akaizungusha ubavuni akitafuta kitu, akaniita nisome. Kuna kijiduara kirefu kina tarakimu nne, yangu inasomeka 2704. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 27, mwaka 2004. "Hili halijawahi kugusa lami," akasema, "lakini limezeeka humo humo chini." Tairi halizeeki kwa kukimbia tu, mpira unakauka na kupasuka hata ukiwa umelala gizani. Gari limetoka Japani na spea yake ya ujanani, likapita bandarini, likapita kwa wenye yadi, likafika kwangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua lile zulia.

Akapima upepo: kumi na tano. Nikasema si haba, nusu ya thelathini. Ndipo akanionyesha maandishi mengine ubavuni: 60 PSI, na chini yake kwamba usizidishe kilomita 80 kwa saa. Sitini! Matairi yangu ya kawaida kibandiko cha mlangoni kinasema 230 kwa kipimo cha Kijapani, ambayo ni kama thelathini na tatu za kwetu. Haka kadogo kanataka karibu mara mbili, kwa sababu ni kembamba na kanabeba uzito ule ule wa gari kwa upepo kidogo uliomo. Sasa hesabu mwenyewe: kinahitajika sitini, kipo kumi na tano. Ningefaulu kuzifungua zile nati kwa kilo zangu themanini na mbili, ningefunga pancha moja juu ya pancha nyingine na kuondoka nikijipongeza.

Kijana akaipakia spea kwenye bodaboda kwenda kwenye kompresa ya mzee, mita mia na ushee mbele, akarudi nayo ngumu kama jiwe. Nikadhani sasa itaingia mbele palipotoka tairi bovu. Mzee akakataa. IST inavutwa na magurudumu ya mbele, ndiyo yanayokata kona na ndiyo yenye kazi kubwa ya breki, kwa hiyo haka kadogo hakaendi mbele. Akatoa tairi zima la nyuma akalileta mbele, spea akaipeleka nyuma. Kazi mara mbili, jasho mara mbili, na sikumsikia akitaja bei mara mbili. Wakati wa kufunga alibana nati kwa mkono kwanza, akiruka msalaba kutoka moja kwenda ya mkabala wake, akashusha gari chini, ndipo akamalizia kwa spana bila bomba. "Bomba ni la kufungulia," akasema. Nilitamani yule kijana wa bunduki ya upepo angekuwepo.

"Nenda na keki yako. Tairi niachie, rudi jioni. Na usikimbie."

Nilikwenda hamsini kwa saa mpaka Ubungo, nikapita Kijazi, nikakunja Shekilango, daladala zote za Dar zikinipigia honi. Keki ilifika saa kumi kasoro dakika tano. Ghorofa ya ndimu ilikuwa imelegea kidogo upande mmoja, nikaigeuzia ukutani. Mama wa binti akisoma hapa, anisamehe.

Niliporudi karibu na magharibi nilikuta tairi langu limetolewa kwenye rimu lakini halijazibwa. Alikuwa ananisubiri nione. Kilichonitoboa ni skrubu ya bati, ile yenye washa ya mpira mweusi, ameihifadhi kwenye kizibo cha soda. Akapitisha mkono ndani ya tairi akanionyesha kiganja: safi. Hapo ndipo mita hamsini ziliporudi. Ningelitembeza bila upepo mpaka Ubungo, uzito wa gari ungelisaga tairi ubavuni kwa ndani na angekuta unga mweusi wa mpira mle. Likiwa na unga yeye hazibi, ananiambia ninunue jingine, hata kama kwa nje linang'aa. Na tundu la ubavuni pia hazibi. Langu lilikuwa katikati ya uso unaokanyaga, kwa hiyo akalisugua kwa ndani, akapaka gundi, akaisubiri ikauke, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa kigurudumu kidogo. Wengi wangekuchomekea ule utambi wa mpira kwa nje bila kutoa tairi, dakika tano umeondoka. Anao na huwa anautumia, ila anasema ukiziba kwa nje hujui ndani kukoje. Nilimuuliza habari ya kuweka tyubu, maana nimewahi kushauriwa hivyo kwingine. Hakujibu. Akaliingiza tairi kwenye karai la maji ya sabuni, na mapovu yakatokea mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepategemea: kwenye valvu, imepasuka shingoni. Akabadilisha.

Bili: kiraka elfu saba, valvu elfu mbili, kuja na bomba na kuhamisha matairi elfu tano. Upepo wa spea bure. Jumla elfu kumi na nne, nikamtumia kwa simu. Kijana wa bodaboda nilimpa elfu tatu na kipande cha keki ya majaribio niliyokuwa nayo mbele.

Kuna maneno kwamba mafundi pancha humwaga misumari barabarani wapate wateja. Wengine sijui. Huyu nimemkuta anakokota sumaku ya spika kubwa iliyofungwa kamba pembeni ya lami, imejaa vyuma kama nungunungu. Anasema hao wanaokuja kwa bahati mbaya wanamtosha.

Nyota ya tano nimeibana kwa mambo haya. Kabla ya kufunga nati alipaka grisi kwenye bolti. Niliporudi nyumbani nikafungua kitabu cha gari, na Toyota wenyewe wanakataza mafuta au grisi pale, maana nati hubanwa kupita kiasi bila mtu kujua. Nilipomrudia wiki iliyofuata nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, waliokiandika hicho kitabu hawaishi karibu na bahari." Nimefuta grisi yangu kwa kitambaa na petroli, na tumebaki ndugu. Pili, geji yake inadanganya. Nilinunua yangu Kariakoo, nikalinganisha na ya kituo cha mafuta, ya mzee inazidisha tatu. Nendeni na zenu. Tatu, banda lake liko karibu mno na barabara, malori yanapita unaweza kuyagusa, kwa hiyo ukiwa na watoto washushe upande wa majani na uwashike mkono. Na alama ya kidole gumba cheusi iko kwenye boksi la chokoleti, lakini hilo nalihesabu kwangu, mimi ndiye niliyemwomba anisaidie kulibeba.

Kuhusu spea ya 2004, aliniambia wazi nisiitegemee tena, nitafute nyingine. Alikuwa na mbili zimening'inia bandani kwake na hakuniuzia: "Hizi kipara." Nimepata eneo la Gerezani moja iliyoandikwa 1119, nimemletea aikague kabla sijalipa iliyobaki, akaikubali, akaijaza sitini. Sasa kila mwanzo wa mwezi napima matairi matano badala ya manne, na sakafuni kwa buti nimeweka kipande cha ubao na bomba la chuma la futi mbili lililofungwa gazeti. Keki zinapanda juu yake.

Ukitaka kumpata: unatoka Tabata kwenda Ubungo, kabla ya External, mkono wa kushoto, tairi la lori limesimamishwa, limepakwa chokaa, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyekundu. Ijumaa mchana hayupo, yuko msikitini, na kijana anayemshikia hajui kiraka cha ndani, msubirini mzee. Simu hapokei. Ukimkuta amelala kwenye kile kiti cha daladala kilichong'olewa, piga honi moja tu, fupi.