Pakiti ya Vifaa vya Tabia Darasani: Chukua Fomu na Kadi, Ubao Uache Dukani

Kwa Sh 65,000 pale Mtwara mjini (wa Masasi, Newala na Lindi wanaongeza nauli ya mzigo kwenye basi) mwalimu anapata kasha la plastiki lenye daftari la fomu, mbao mbili za tokeni (mtoto hubandika nyota kila anapofanya vizuri, kisha huzibadilisha kwa zawadi), nyota za kubandika, kadi za picha 24, taimaa ya betri na kijitabu cha mwongozo kwa Kiswahili. Macho yanakimbilia nyota. Kazi hasa inafanywa na lile daftari lililolala chini ya kasha.

Pakiti imejengwa juu ya uchambuzi wa tabia, wenyewe wanauita ABA: kabla hujamrekebisha mtoto, jua tabia yake inamlipa nini. Fomu ina safu nne: saa, kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Juu kuna nafasi ya kuieleza tabia kwa maneno ya kuonekana, na hapa mwongozo umefanya kazi nzuri kweli. Unakataza kuandika "mkorofi" au "hana adabu". Unataka "anagonga dawati kwa kiganja". Walimu wawili wanakaa pembe tofauti, kila mmoja anahesabu kivyake, kisha idadi ndogo inagawanywa kwa kubwa na kuzidishwa kwa 100. Ikiwa chini ya asilimia 80, maelezo ya tabia yaandikwe upya.

Kasoro ya fomu ni kwamba safu ya kilichotangulia inatosha maneno mawili tu, na hakuna mahali pa kuandika tarehe wala somo. Piga mstari mwenyewe uongeze, maana somo ndilo linaloumbua mambo. Chukua mstari kama huu: Hesabu, swali la kugawanya limeandikwa ubaoni, mtoto anagonga dawati, anatolewa nje, anakaa chini ya mwembe. Ukiona mistari ya aina hiyo inajirudia, na kipindi cha michezo hakuna hata mmoja, basi ile adhabu ndiyo zawadi yake. Anakwepa hesabu, na kila akitolewa anafundishwa kwamba kugonga kunalipa. Mwenzake anayegonga vilevile anatafuta macho ya darasa. Wa tatu anataka kitu alichonyimwa. Wa nne anaupenda mtikisiko wenyewe, awe na watu au awe peke yake. Kugonga ni kule kule, dawa ni nne.

Mwongozo unataka uhesabu vipindi 3 hadi 5 kabla ya kubadilisha chochote, na ni sawa. Ungetakiwa pia kuonya kwamba huku kwetu hesabu hiyo isifanywe katikati ya msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, iwapo mahudhurio yanayumba. Darasa lililopungua hutulia lenyewe, halafu sifa wanapewa nyota.

Kadi za picha ndizo zinazostahili bei. "Naomba msaada" na "naomba kupumzika" zinampa yule mkwepa hesabu njia nyingine ya kupata kile kile alichokuwa akikipata kwa kugonga. Siku za mwanzo kadi iheshimiwe papo hapo, kila inapotolewa, hata ikiwa mara kumi kwa kipindi. Baadaye ndipo unamwambia "fanya swali moja kwanza", kisha mawili. Mwalimu akiipuuza kadi siku ya kwanza, dawati linarudi kazini. Picha zenyewe zina ugeni: choo ni cha kukalia chenye tangi la maji, chakula ni tufaha. Kwa mtoto wa kitengo cha usonji anayesoma picha kama ilivyo, piga picha choo cha shule yenu na muhogo wa pale shuleni. Laminesheni nayo imekatwa usawa na karatasi, hivyo unyevu wa pwani unaifumua. Unapotengeneza zenu, acha ukingo wa plastiki wa milimita 5 na uviringishe pembe.

Ubao wa tokeni ni hasara. Gundi ya velkro inaachia kwa joto na vumbi la chaki. Vizibo vya soda kwenye kopo vinafanya kazi ile ile bure. Kibaya zaidi, mtoto anatakiwa akusanye nyota 10 tangu siku ya kwanza. Anayeanza abadilishe kwa 2 au 3, tokeni itolewe sekunde ile ile tabia njema inapotokea, na idadi inayotakiwa iongezwe taratibu. Zawadi zilizopendekezwa ni pipi na biskuti. Zinagharimu, zinaleta wivu, na mtoto akishiba hazimvuti tena. Kugonga kengele, kubeba madaftari au kuchagua wimbo wa mchakamchaka havina gharama.

Sehemu inayoweza kuharibu mambo ni ukurasa wa "puuza". Hausemi kwamba kupuuza kunafaa kwa anayetafuta macho tu, wala kwamba kelele huzidi kwanza kabla ya kupungua. Mwalimu anavumilia makelele matatu, la nne anageuka; hapo amemfundisha kupiga manne. Na katika darasa la watoto 80 wanaocheka, kunyamaza kwa mwalimu pekee hakumnyimi mtoto watazamaji. Anayejiumiza au kuumiza wenzake hapuuzwi kabisa.

Mchezo wa makundi mwishoni mwa kijitabu ni ule uliochapishwa Marekani mwaka 1969, baada ya kujaribiwa kwenye darasa la watoto 24. Kundi linapata alama likivunja kanuni, na makundi yote yaliyobaki chini ya kikomo yanashinda. Mwongozo umekosea kwa kuruhusu mshindi mmoja tu. Makundi yaliyoachwa nyuma yanakata tamaa mapema. Gawanyeni kwa safu za madawati, mwanze na dakika 10, na yule anayeponza wenzake makusudi awe kundi lake mwenyewe.

Duka linakubali kuuza vipande: fomu, kadi na mwongozo kwa Sh 35,000. Taimaa wanaiuza peke yake pia, lakini mlio wake ni mkali; kwa kitengo chenye mtoto anayeogopa sauti, tumieni simu iliyopunguzwa sauti.