PCP ya kwanza kwa bajeti ndogo: panga hewa kwanza, bunduki baadaye

Wengi wanaotafuta bunduki yao ya kwanza ya PCP, yaani bunduki ya hewa inayojazwa hewa mapema kabla ya kupiga, huanza kuulizia kasi ya peleti (virisasi vyake vidogo) na idadi ya mashuti. Swali la kwanza liwe jingine: hewa utaitoa wapi? Bunduki ya springi hujitengenezea hewa kila unapoikoki. PCP haijitengenezei chochote. Hubeba mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar (kipimo cha presha) 200 au zaidi, takriban mara 90 ya presha ya tairi la gari dogo. Kompresa ya gereji, ile ya bar 8 au 10, haikusaidii kitu hapa, na pampu ya baiskeli ndiyo kabisa.

Kwa hiyo gawa pesa yako mafungu manne kabla hujaanza kuangalia picha: bunduki, chanzo cha hewa, darubini na peleti. Bunduki peke yake ikimeza zaidi ya nusu, shuka daraja moja. Bunduki nzuri isiyo na hewa hubaki ukutani, na nimeona watu wakikata tamaa na mchezo huu kwa sababu hiyo tu.

Hewa

Chanzo cha bei nafuu kuliko vyote ni pampu ya mkono ya presha ya juu. Nyingi hufika bar 200 vizuri, nyingine hadi 300, ila kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyobidi uilalie kwa uzito wako wote. Piga hesabu kabla ya kununua. Mtungi wa sentimita za ujazo 100 ulioshuka hadi bar 120 unahitaji lita 8 za hewa ya kawaida kurudi bar 200. Mtungi wa sentimita 200 unaojazwa kutoka bar 130 hadi 250 unahitaji lita 24. Hiyo ni kazi mara tatu, na nusu yake iko juu ya bar 190, pale ambapo mikono inaanza kutetemeka. Ndiyo maana kwa mtu wa pampu mtungi mdogo wa presha ya chini ni neema, hata kama maelezo ya muuzaji yanaufanya uonekane dhaifu.

Pampu hupata moto. Piga dakika chache, iache ipoe, kisha endelea. Ukiilazimisha, sili zake za ndani, yaani mipira inayozuia hewa isivuje, zitaungua. Ukimaliza, fungua vali ya kutolea hewa kabla ya kuchomoa paipu, ili presha iliyobaki na unyevu vitoke.

Mtungi wa wapiga mbizi ni raha, kama karibu nawe kuna mahali pa kuujaza. Mtungi wa lita 12 wenye bar 232 ukijaza bunduki ya sentimita 200 kutoka bar 120 hadi 200, hupungukiwa bar moja na kidogo tu. Utajaza zaidi ya mara 20 kabla haujashuka chini ya 200. Lakini angalia mtego uliopo: bunduki inayotaka bar 250 haitajaa hata siku moja kutoka mtungi wa bar 232. Pia mitungi hii hupimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka kadhaa, na kituo makini kitakataa kujaza mtungi uliopitwa na muda. Soma tarehe iliyogongwa shingoni kabla ya kununua uliotumika.

Kompresa ndogo za volti 12 zimewarahisishia wengi. Nunua yenye kichujio cha unyevu na inayojizima ikifika presha uliyoiweka, na usiondoke karibu nayo inapofanya kazi.

Kuna jambo lisilo na mjadala: jaza hewa safi na kavu tu. Oksijeni inaweza kuilipua bunduki mikononi mwako. Oili za petroli nazo zinaweza kuwaka ndani ya hewa iliyoshindiliwa hivyo, kwa hiyo sili zipakwe grisi ya silikoni pekee.

Mpangilio wangu

Nimepanga nikimfikiria mtu anayeanza na pampu ya mkono na anayelenga shabaha za karatasi au makopo.

*1. Bunduki ya shuti moja yenye presha ya chini.* Mfano bora ni Benjamin Maximus, ya kampuni ya Crosman ya Marekani, inayojazwa bar 138 tu. Kaka yake wa zamani, Benjamin Discovery, hukubali hata gesi ya CO2. Ndani hakuna mengi ya kuharibika: bolti, nyundo, vali na sili chache. Unaingiza peleti moja, unafunga, unalenga, na huo mwendo wa taratibu humfundisha mwanafunzi kuliko magazini, kile kisanduku cha kubebea peleti kadhaa. Kasoro yake ni kwamba ina kelele, na haina regyuleta, kifaa cha kusawazisha presha. Maana yake mashuti ya kwanza hupanda kasi kidogo, ya katikati hutulia, ya mwisho hushuka. Kwa umbali wa mita 25 hilo halisumbui sana ukijua wapi pa kuishia. Andika geji inasoma ngapi pale peleti zinapoanza kugonga chini ya ulipolenga. Hapo ndipo pa kujaza tena, hata kama mtungi haujaisha.

*2. Diana Stormrider.* Jina ni la Ujerumani, utengenezaji ni wa China. Mtungi wake ni mdogo na hujazwa bar 200, kwa hiyo pampu inauweza. Ni nyepesi, na magazini hubeba peleti 9 za milimita 4.5 au 7 za milimita 5.5. Toleo la nguvu kamili humaliza hewa haraka, kwa hiyo ukipata la nguvu ndogo, lichukue bila kujuta. Naiweka ya pili kwa sababu magazini inamwongezea mtumiaji mpya jambo la kukosea: ni rahisi kusukuma peleti mbili ndani ya mtutu bila kujua.

*3. Bunduki ya daraja la juu iliyotumika.* Air Arms S200 ya Uingereza, iliyotokana na ushirikiano na kampuni ya CZ ya Czech, ni ya shuti moja na mtutu wake ni mzuri kuliko bei yake ya mkono wa pili. Nafasi hii ingepanda juu zaidi kama kila muuzaji angekuwa mwaminifu. Omba ijazwe mbele yako, piga picha ya geji, rudi kesho yake. Sindano ikishuka, sili zinavuja. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi kama una mikwaruzo, na vua mtungi uone nyuzi zake. Mtungi wenye kutu au alama ya kugongwa, ondoka, hata kama bei inavutia.

*4. Umarex Gauntlet.* Hii ina regyuleta, kifaa kinachoipa vali presha ileile kila shuti, kwa hiyo kasi haiyumbi hadi hewa ishuke chini ya kiwango chake. Ina magazini ya peleti 10 na chupa ya takriban sentimita 213 inayojazwa bar 207. Kuijaza kutoka bar 130 ni zaidi ya lita 16, jasho la kweli kwa pampu, na bunduki yenyewe inakaribia kilo 4 kabla ya darubini. Kama tayari una mtungi mkubwa au kompresa, futa mpangilio wangu na uiweke namba moja.

*5. Hatsan AT44.* Bunduki ya Uturuki, imara na yenye nguvu. Kwa karatasi nguvu hiyo ni hewa inayopotea, na uzito wake unachosha mabega ya anayeanza.

Zile zisizo na jina, zinazodai bar 300 kwa bei ya kushangaza, siziorodheshi kabisa. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha sili za akiba na maelezo ya namna ya kutoa hewa yote salama, usinunue.

Kipenyo na sheria

Chukua 4.5 kama utalenga karatasi tu. Ndicho kipenyo cha mashindano ya mita 10, na peleti zake ni nafuu. Peleti ya 5.5 ni nzito zaidi, upepo hauichezei sana, na ni rahisi kuishika kwa vidole vyenye baridi. Usidanganywe na matangazo ya kasi: peleti ikikaribia kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, huyumba.

Sheria itakuchagulia nguvu kabla ya wewe kuchagua. Ujerumani, bunduki isiyohitaji kibali haizidi jouli (kipimo cha nishati ya peleti) 7.5 na hugongwa herufi F ndani ya pembetano. England, mpaka ni kama jouli 16.3, ambazo ni peleti ya gramu 1.03 ikienda takriban mita 178 kwa sekunde. Scotland huhitaji leseni hata chini ya hapo tangu mwisho wa 2016. Kwingine kibali ni lazima kwa bunduki yoyote ya hewa. Uliza polisi kabla ya kulipa.

Ukishaipata, simamisha nyuma ya shabaha kizuizi kitakachokamata peleti zote, maana inayopita inaweza kusafiri mamia ya mita. Kisha nunua makopo madogo ya peleti za aina tatu au nne zenye uzito tofauti. Piga tano tano za kila aina ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, umbali uleule, presha ileile. Aina itakayokusanya matundu yake karibu zaidi ndiyo ya kununua kwa wingi, na mara nyingi siyo ile ya bei kubwa.